Usizike Jeki Chini ya Mizigo

Desemba ikikaribia, Kawangware 46, hapa Nairobi, hunukia safari. Wakazi wengi wa hapa kwao ni magharibi: Kakamega, Vihiga, Bungoma, Busia. Wasiotaka kupigania viti vya basi huchanga pesa, ndugu na majirani, wakakodi gari la kuwafikisha hadi mlangoni kwa wazazi. Jioni ya safari mizigo hutolewa vyumbani ikapangwa kando ya Barabara ya Naivasha: blanketi la nyanya, unga wa ngano, mitungi ya mafuta ya kupikia, godoro lililokunjwa likafungwa kamba. Buti hushindiliwa mpaka mtu auegemee mlango ndipo ufungike.

Na chini kabisa ya vyote hivyo, mahali mkono haufiki, ndipo ilipo jeki, pamoja na spana ya magurudumu na zile pembetatu mbili nyekundu zinazoakisi mwanga ambazo sheria ya trafiki inamtaka dereva awe nazo. Hilo hunitia hofu kila mwaka.

Naelewa kwa nini hatulioni kama tatizo. Gari likizimika hapa 46, hazipiti dakika mbili vijana wamekwisha kulisukuma pembeni. Fundi yuko ng'ambo ya barabara, na betri ya kuazima haikosekani. Mtaa wenyewe ndio sanduku letu la dharura. Lakini ukishapita Limuru usiku wa manane, ukungu umetanda Kinungi, huna mtaa wa kukuauni. Kuna lori linalokuja nyuma yako, na dereva wake hajui kwamba umesimama.

Tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliyechoka akichelewa sekunde mbili tu kung'amua kwamba lililo mbele yake halisongi, ameshakula zaidi ya mita 40 kabla mguu haujagusa breki. Kwa hiyo pembetatu iliyosimikwa hatua tatu nyuma ya gari haimwokoi mtu. Ipelekwe mbali, na anayeipeleka avae jaketi la kuakisi mwanga, kama lile la wahudumu wa bodaboda, apite nje ya lami. Abiria wote washuke, watoto kwanza, wakae mbali na barabara. Matawi tuliyozoea kukata na kutandaza yana faida yake mchana, maana kila dereva Kenya anayaelewa. Usiku hayaonekani mpaka uyakanyage.

Linaloniuma zaidi ni mawe. Gari likikwama mlimani, utingo hutafuta jiwe akalikingamiza nyuma ya gurudumu lisirudi. Ni busara. Kisha gari linapona, watu wanashangilia, wanapanda, wanaondoka, na jiwe linabaki pale pale kwenye lami likimngoja mtu wa pikipiki asiyejua lolote. Siwezi kuuita huo usahaulifu. Tumewaza shida yetu ikaisha, na anayekuja nyuma hatukumhesabu.

Wanaolipia makosa yetu ya barabarani mara nyingi hawamo garini. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lililomshinda dereva liliwavamia watu waliokuwa kando ya barabara, wachuuzi wakiwemo, na zaidi ya 50 wakafa. Ajali huua zaidi ya watu 4,000 nchini kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la waendao kwa miguu. Hata hapa 46, mama mboga amepanga sukuma wiki zake hatua moja kutoka kwenye lami. Gari lako likikwama mbele yake bila ishara, matatu zitakwepa, na upande wa kukwepea ni alipoketi yeye.

Dereva mmoja wa hapa 46 alinionyesha alivyolimaliza suala la jiwe. Ana kabari ya mbao, imechongwa upande mmoja, imekuwa nyeusi kwa grisi, na imefungwa kwa kamba ya manila kwenye mpini wa jeki. "Dada, nikirudisha jeki, kabari inanifuata yenyewe," aliniambia. Kipande cha mbao na kamba, basi.

Vifaa vingine vya kubeba havina maneno mengi. Tochi yenye betri mpya, kwa sababu chaji ya simu ni ya kupigia 999 au 112. Nyaya za kuamshia betri. Maji lita tano, ila radieta iliyochemka isifunguliwe mpaka ipoe, maana mvuke wake huchoma uso. Kitambaa safi cha kukandamizia jeraha. Na tairi la akiba lipimwe upepo kabla ya siku ya safari, kwa kuwa hupungua lenyewe likiwa limelala tu.

Mwaka huu mnapoandika majina ya wachangao, ongezeni pesa kidogo za pembetatu na tochi ikiwa gari la kukodi halina. Mwambieni mwenye gari awaonyeshe kila kifaa kwa macho yenu, kisha jeki, kabari na pembetatu vikae chini ya kiti cha mbele. Nafasi isipotosha, mzigo mmoja ubaki, utumwe kwa basi kesho yake.