Binti, Simu na Msimu wa Shamba Mkula

Mkula, iliyo chini ya milima ya Udzungwa kando ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, ni sehemu ya bonde ambalo maisha ya familia hufuata msimu wa mpunga, kwani mvua zinapoanza wazazi wengi wa bonde la Kilombero huhamia kwenye vibanda vya shambani kwa wiki kadhaa au miezi, na watoto wanaosoma hubaki kijijini na bibi, na dada mkubwa, au peke yao. Katika kipindi hicho simu huwa nyenzo ya malezi, maana kwa simu hiyo mzazi huuliza kama watoto wamekula na hutuma fedha za unga na madaftari. Ushauri wa kwamba binti anyang'anywe simu hadi amalize kidato cha nne hautekelezeki katika kaya za namna hii, na pale unapotekelezwa humfanya ajifunze mtandao kwa kificho, kwa simu ya kuazima, bila wa kumwelekeza.

Hatari anayoweza kukutana nayo mtandaoni ina utaratibu wake. Ulaghai wa kingono mtandaoni, yaani mbinu ya kumzoesha mtoto hatua kwa hatua hadi aone jambo ovu kuwa la kawaida, huanza kwa salamu, sifa na bando ambalo mtoto hakuliomba. Hufuata ombi la picha, kisha la picha isiyo na stara, na ikishapatikana, upole hugeuka kitisho cha kuisambaza iwapo binti hatatoa fedha au hatakubali kukutana na anayemtisha. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu Tanzania, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa unyanyasaji wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, na kwamba mara nyingi mhusika ni mtu anayefahamika kwa mtoto. Jambo hili la pili lina uzito zaidi ya takwimu, kwa kuwa somo linaloishia kwenye onyo dhidi ya wageni humwacha binti bila kinga mbele ya jirani au ndugu.

Kitisho cha kusambaza picha hufanikiwa kwa sababu binti anaamini kwamba akisema atapigwa, ataitwa malaya na kuachishwa shule, na mlaghai anaijua vyema hofu hiyo. Mzazi anayemwambia bintiye mapema kwamba atasikilizwa kwanza, lolote litakalotokea, humnyima mlaghai silaha yake kubwa. Sheria nayo iko upande wa mtoto, ambaye kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayesambaza picha za ngono za mtoto.

Basi kabla ya kufunga mizigo ya shamba, wazazi wawaeleze mabinti wao kwamba anayetishwa asilipe, asiende kukutana na mtu huyo, asifute ujumbe wala namba yake, na aripoti kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au apige namba 116, ambayo haina malipo.