NAHODHA ALIYESALIA

Somo: Nehemia 1 na 2



Tulipokuwa tukifundisha shuleni tuliwaambia watoto kwamba nahodha ni yule anayevaa kitambaa mkononi na kuchagua upande wa kuanzia. Ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya kazi yake. Leo tumtazame nahodha mmoja wa Zambia, Kalusha Bwalya.

Usiku wa tarehe 27 Aprili, 1993, ndege ya jeshi iliyochukua timu ya taifa ya Zambia kwenda kucheza Senegal ilianguka baharini, punde tu baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 walikufa, na 18 kati yao walikuwa wachezaji. Kalusha hakuwamo. Alikuwa akicheza mpira Uholanzi, naye alikuwa asafiri kutokea huko. Wenzake walizikwa Lusaka, karibu na Uwanja wa Uhuru.

Aliyesalia namna hiyo hujiuliza, "Kwa nini mimi?" Sisi hatuna jibu. Lakini tunaye Nehemia. Aliposikia kuwa kuta za Yerusalemu zimebomoka, aliketi akalia, akafunga na kuomba. Kisha akamwomba mfalme ruhusa, akaenda, akazikagua kuta usiku, akawahimiza waliosalia wajenge.

Kalusha naye alikubali kuwa nahodha wa timu mpya, ya vijana waliokusanywa kwa haraka. Julai mwaka uleule waliifunga Moroko 2-1 mjini Lusaka, naye akatia bao moja. Oktoba wakafungwa na Moroko 1-0, wakakosa Kombe la Dunia. Aprili 1994 walifika fainali ya Kombe la Afrika mjini Tunis, wakatangulia kufunga, lakini Nigeria ikawashinda 2-1. Kombe lilipatikana mwaka 2012, tena palepale Libreville, Zambia ilipoishinda Ivory Coast kwa penalti 8-7. Siku hiyo nahodha alikuwa Christopher Katongo. Kalusha alikuwa Rais wa Chama cha Mpira. Alijenga, wengine wakavuna, naye akafurahi pamoja nao.

Sasa tujitazame wenyewe. Tunaikumbuka kwaya moja tuliyoimba zamani. Mwalimu wake alipofariki, sisi tuliosalia tulisema hatuwezi kuimba bila yeye. Tulidhani tunamheshimu. Vitabu vya nyimbo vikaliwa na mchwa kabatini, na watoto aliokuwa akiwafundisha wakakua bila kuijua sauti ya pili. Ndugu, ile haikuwa heshima, ilikuwa woga. Hakuna kati yetu aliyetaka kusimama mahali pake akalinganishwa naye. Jambo hilo linatuuma hata leo.

Je, katika mtaa wetu ni kazi gani imelala tangu mwenyewe alipoondoka? Darasa la watoto? Kuwatembelea wagonjwa? Tulie, kwa maana Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Lakini tukishafuta machozi, mmoja wetu achukue kitambaa kile akivae, hata kama kombe litashikwa na wajukuu.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetuacha hai kwa kusudi lako, utuondolee woga, utupe mikono ya kujenga. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.