Aliyelipa Ada

Swali ninalotaka tulitafakari niliulizwa na dada yangu mwaka 2009, alfajiri, katika stendi ya mabasi ya Moshi. Nilikuwa nasafiri kwenda Mwanza kuanza masomo katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Akaniuliza: "Mdogo wangu, hiyo historia na hicho Kiswahili unachokwenda kusoma, vitamsaidia nani?" Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana yeye alikuwa mmoja wa waliolipa.

Chuo kile ni cha binafsi, tena kikubwa. Kilitokana na taasisi iliyoanzishwa Nyegezi na Kanisa Katoliki mwaka 1960, kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Sehemu ya ada nilikopeshwa. Iliyobaki ilitoka nyumbani: kahawa ya baba huko Kibosho, na faida ya ndizi alizouza dada yangu katika soko la Mbuyuni. Yeye aliishia kidato cha nne. Alitaka kusomea ushonaji, lakini fedha haikutosha watoto wawili, na mimi ndiye niliyekuwa wa kiume.

Nilimpa jibu ambalo wengi wetu tuliosoma mchepuo wa HKL tulilizoea. Nilimwambia kwamba Mwalimu Nyerere naye alisoma sanaa, Edinburgh, akahitimu mwaka 1952, akaongoza nchi, na bado akapata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Jibu hili linapendeza masikioni, lakini nakiri kuwa ni dhaifu. Mwalimu alikuwa mmoja. Huwezi kula ndizi za mtu ukamlipa kwa sifa za mtu mwingine.

Yako majibu mengine mawili. La kwanza husema elimu ni ajira. Kama ni hivyo, walionishauri nisome uhasibu walikuwa sahihi, kwani nilihitimu mwaka 2012 nikakaa miaka miwili hapa Njoro nikifundisha tuisheni kwa malipo ya kubahatisha. La pili husema elimu ni njema yenyewe, wala haihitaji faida. Hilo nililiamini sana nilipokuwa kando ya Ziwa Victoria, nimeshiba, nina kitabu mkononi. Lakini ni rahisi kusema kitu hakihitaji faida wakati gharama yake imebebwa na mwingine.

Jibu nilianza kuliona mwaka 2016, baada ya baba kufariki. Ukoo ulikaa kugawa kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa. Kwa desturi ya kwetu, nyumba ya baba hubaki kwa kitinda mimba wa kiume, naye ndiye mimi. Dada, ambaye alimwuguza baba hadi mwisho, hakutajwa kabisa. Baba mkubwa akanigeukia: "Wewe ndiye msomi wa historia. Waeleze kwamba mila yetu ndiyo hii tangu zamani."

Nilijua mengi siku ile. Nilijua kwamba kahawa, iliyokipa kihamba thamani ya fedha, ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba chama cha ushirika cha KNCU kilianza mwaka 1933 tu. Nilikuwa nimesoma "Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera", kitabu cha Petro Itosi Marealle cha mwaka 1947, nikaelewa kwamba mara nyingi mtu huandika mila za kwao anapoona zinabadilika. Nilijua pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Kwa hiyo niliweza kabisa kumwuliza mzee: zamani ipi?

Sikuuliza. Nikasema, "Ndivyo ilivyo, baba mkubwa."

Usiku ule, nikiwa Njoro, sikupata usingizi. Wazee wa ukoo waliposema "tangu zamani" hawakuwa waongo, maana ndivyo walivyoamini. Mwongo nilikuwa mimi peke yangu. Ndipo nilipotambua kwamba masomo yale hayakunifanya mwema; yaliniondolea udhuru tu. Anayejua kwamba mambo yalipangwa na watu, anajua pia kwamba watu wanaweza kuyapanga upya, wala hawezi tena kujificha nyuma ya mila.

Wiki iliyofuata niliomba kikao kirudiwe. Nikaeleza niliyoyajua, nikakiri na uongo wangu. Baba mkubwa hakufurahi, na tangu siku ile salamu zake kwangu ni fupi. Dada alipata upande wa juu, penye mfereji, palipokuwa pawe pangu. Sikumpa zawadi. Ilikuwa haki yake.

Basi nathubutu kusema hivi: masomo ya historia, lugha na falsafa hayajitetei kwa mshahara wala kwa majina ya watu wakubwa. Hupimwa siku ile ukweli unapomgharimu msomi kitu chake mwenyewe, na anayestahili kupima si msomi, bali aliyelipa ada.

Kwa sababu hiyo nilimwuliza dada yangu, tukiwa tumekaa kwenye kihamba chake, kama fedha yake ilipotea bure. Alifikiri kidogo.

"Haikupotea," akasema. "Ila ile wiki ya kwanza bado nakudai."