Doa Lirudilo Ukutani

Mwenye nyumba mwenye busara hangoji paa limwangukie usiku. Katika vijiji vya Katanga huizunguka nyumba yake wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Oktoba, akigonga kila nguzo kwa mpini wa jembe na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito. Mti ulioliwa na mchwa husikika mtupu, ijapokuwa umekandikwa vizuri. Yuko mwingine ambaye, akisikia utupu huo, hupaka ukuta udongo mweupe. Wageni humsifu, na mchwa huendelea na kazi yao.

Mungu aliwafundisha Waisraeli jambo hili kwa kinywa cha Musa, katika kitabu cha Walawi, sura ya 14. Wakiisha kuingia nchi ya Kanaani, mtu akiona ukutani madoa ya kijani au mekundu, yaliyozama ndani ya ukuta, ilimpasa aende mwenyewe kumwambia kuhani. Kabla kuhani hajaingia, vyombo vyote vilitolewa nje, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba: ndivyo Mungu alivyouhurumia hata mkeka wa maskini. Kisha nyumba ilifungwa siku 7. Doa likiwa limeenea, mawe yenye doa yaling'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zikakwanguliwa, mawe mengine yakatiwa, nyumba ikakandikwa upya. Likirudi tena, nyumba ilibomolewa yote.

Basi doa lirudilo ndilo la kuogopwa. Mume na mke wagombanao leo na kupatana kesho hawana nyumba mbovu. Lakini ugomvi uleule ukiisha kukatwa na wazee mara tatu, ukarudi, kuupaka udongo mweupe hakufai kitu. Jiwe ling'olewe. Pengine jiwe hilo ni deni lililofichwa. Pengine ni mtoto wa nje asiyetajwa. Mkatekumeni mwenye jambo kama hilo hulipeleka kwa padri mapema, kabla ya siku ya ubatizo, wala hangoji jirani amtangulie.

Nyumba iliyopona ilitakaswa kwa ndege 2. Mmoja alichinjwa juu ya chungu chenye maji ya kijito, na nyumba ikanyunyizwa mara 7. Wa pili alipelekwa nje ya mji, akaachwa huru, akaruka zake mbugani.