Shahidi Asiyesikika

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye intaneti sina hakika.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa uzamivu pale Stanford, walieleza njia ya kupima ukurasa kwa viungo unavyoelekezewa na kurasa nyingine, kila kiungo kikibeba uzito wa aliyekiweka. Kiungo, basi, ni ushahidi. Lakini ukurasa wa shahidi usipoingia kwenye faharasa ya Google, ni kama hakusema kitu.

Nina tovuti ndogo ya insha za Kiswahili. Msomaji mmoja aliisifu kwenye blogu yake na kuiwekea kiungo. Miezi imepita, ukurasa wake haujaingia. Wakati huohuo nimeletewa ofa ya viungo mia moja kwa malipo, nikihakikishiwa vyote vitaonekana.

Wapo wanaosema hakuna tofauti: kote ni kutafuta kuonekana. Mimi naona ipo. Kumwomba msomaji wangu awasilishe ukurasa wake Google ni kuomba shahidi asikilizwe. Kununua viungo ni kununua shahidi ambaye hakusoma hata insha moja. Na anayedanganywa si mtambo tu. Ni mwanafunzi anayetafuta usiku, akiamini kilicho juu kimepandishwa na watu waliokisoma.

Kumbe chema nacho huhitaji wa kukisemea. Nimemwandikia msomaji wangu. Google haimwahidi mtu nafasi, kwa hiyo huenda tusionekane kamwe. Ile ofa nimeikataa.