Mwenye maradhi ya tumbo tusimkimbize msikitini

Nina rafiki anayeugua vidonda vya utumbo mpana, mwaka wa sita sasa. Si kipindupindu, wala hayaambukizi. Hutulia miezi kadhaa, kisha humrudia, akaenda chooni mara kumi kwa siku huku akitokwa na damu. Aliacha swala ya jamaa kwa aibu, si kwa uvivu: mara mbili alitoka katikati ya safu, na watu wakamsema.

Wengi wetu tukimtembelea humpelekea miti shamba na kumlazimisha kula. Mimi naona anachohitaji kwanza ni kufahamishwa hukumu zake. Mtume (SAW) alimwelekeza Fatma binti Abi Hubaysh, aliyekuwa akitokwa na damu isiyokoma, atawadhe kwa kila swala. Wanazuoni wakakisia hapo hukumu ya kila ambaye udhu wake haushikiki. Na yule anayebanwa ghafla? Imamu Muslim amepokea katazo la kuswali huku mtu akizuia haja. Basi anapotoka safuni anafuata Sunna, na wanaonong'ona ndio wasiojua! Ramadhani nayo ina ruhusa yake, Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Tusimhoji barazani kwa nini anakunywa maji.

Siku hizi humpitia kwake kabla ya Isha, tukasimama safu ya mwisho, karibu na mlango.

Nanyi kamati za misikiti, kwa nini vyoo vitiwe kufuli mara tu imamu akishatoa salamu?