Insha ya Mwanafunzi na Jicho la Jirani

Lipo swali ambalo walimu wa lugha hulipita kwa haraka kwa kuwa mtihani hauliulizi, nalo ni hili: yampasa mwanafunzi aandike ili asomwe na watu, au aandike kwa faragha, mbele ya jicho la mwalimu wake peke yake, mpaka kalamu yake itakapokomaa? Wanaojali ufasaha hujibu upesi kwamba asiyesomwa hajui alipokosea, na kwamba kijana anayeandika mara kwa mara kwa wasomaji wa kweli huzoea kulipima kila neno kabla ya kuliweka. Wanaojali dini hujibu kwa sauti ya chini zaidi, nao huuliza: na moyo wake je? Kijana wa miaka kumi na sita akizoea kuandika huku masikio yake yameelekea kwenye makofi, ni lini atakapothubutu kuandika lililo kweli na lisilopendwa? Mimi naliona swali hili la pili kuwa kubwa kuliko la kwanza, wala sijui mahali panapofaa kulipima zaidi ya Rusumo.

Hapo mto Kagera, baada ya kupokea maji ya Ruvubu utokao Burundi, huporomoka miambani baina ya Tanzania na Rwanda. Juu ya maporomoko kuna daraja; malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam hupita mji mdogo wa Benaco, hupanga foleni kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa na marais wa nchi hizi mbili mwezi Aprili 2016, na maji yale yale ya mto sasa hufua umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mtoto wa Ngara, wilaya ya mpakani hapa mkoani Kagera, huamka akisema Kihangaza au Kishubi, na mwenzake wa wilaya jirani ya Biharamulo Kisubi au Kizinza. Katika shule ya msingi hukikuta Kiswahili, na akiingia sekondari masomo karibu yote humgeukia Kiingereza. Kwa hiyo ile insha ya Kiswahili anayoandikishwa mara chache kwa muhula ni wasaa adimu aliopewa wa kusema jambo lake mwenyewe kwa lugha ambayo watu wa pande zote za barabara ile wanaielewa.

Tulifungue basi daftari la kidato cha pili, la aina ambayo kila mwalimu ameiona. Kichwa kimepigiwa mstari kwa rula: Faida na Hasara za Kuishi Mpakani. Utangulizi unaeleza maana ya mpaka kama ilivyoandikwa ubaoni. Zinafuata aya za faida, kila moja ikianza na neno “pia”. Kisha aya za hasara, ya kwanza ikisema kwamba madereva wa malori ni wahuni na ndio wanaoleta maradhi. Mwisho serikali inatakiwa ichukue hatua. Pembeni, kwa wino mwekundu: “Jitahidi. 11/20.” Simlaumu mwalimu yule, maana ana mikondo kadhaa, na madaftari yamemsubiri hata usiku kuingia. Lakini angalia hukumu yake ilipoangukia: tahajia, mpangilio, urefu wa hitimisho. Hakuna aliyemwuliza mwandishi kama aliyoyasema juu ya madereva ni kweli, wala hapakuwa na haja, kwa kuwa hapakuwa na dereva atakayeisoma.

Sasa tuseme karatasi ile ile inabandikwa ukutani kwenye mgahawa wa Benaco, mahali madereva wanapokunywa chai wakingoja foleni isogee, na mwandishi anajua kwamba itabandikwa. Sidhani kama yupo mwanafunzi atakayeiacha aya ile kama ilivyo. Atasita, ataandika “baadhi ya madereva”, kisha ataona kwamba hata hiyo “baadhi” inadai ushahidi, naye atalazimika kukumbuka ni nani aliyemwona, siku gani, akifanya nini, na huenda katika kukumbuka akamkuta dereva mwingine, yule aliyemchukua mama mgonjwa hadi hospitali bila kudai nauli, ambaye insha ya kwanza haikuwa na nafasi yake. Kila sahihisho alilofanya ni sahihisho la ufundi, maana sentensi imepata mtu, siku na mahali badala ya uvumi. Na kila moja ni sahihisho la insafu vilevile. Katika jambo hili sioni mstari unaotenga lugha na akhlaki, na wanaofundisha kana kwamba mstari huo upo wanajipunguzia kazi isivyo halali.

Turudi kwa wenye kuhofia moyo, maana hofu yao si ya kupuuzwa. Imamu Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, ametenga kitabu kizima kwa maradhi ya kupenda jaha, yaani hadhi mbele ya watu, na kufanya riya, yaani kutenda ili uonekane, akaeleza jinsi tamaa ya kuonekana inavyojipenyeza katika ibada, katika elimu, na hata katika unyenyekevu wenyewe. Na Wakristo, ambao ni wengi katika vilima vya Ngara, kuanzia Waanglikana wa Murgwanza hadi Wakatoliki wa Rulenge, wanajua kwamba katika hotuba ya mlimani Yesu aliwaonya wafuasi wake wasitende mema mbele ya watu kwa kusudi la kutazamwa. Lakini hotuba ni hiyo hiyo moja, na sura moja tu kabla ya onyo hilo ipo taa ambayo haifunikwi bali huwekwa juu, iwaangazie wote waliomo nyumbani. Kadhalika imepokewa kutoka kwa Fudhail bin Iyadh, mcha Mungu wa karne ya pili ya Hijra, rai ya kwamba kuliacha tendo jema kwa ajili ya watu nako ni riya. Rai hii huishangaza akili mwanzoni, kisha huituliza. Mwanafunzi anayelificha daftari lake kwa kuogopa kuchekwa amekwisha kuwafanya watu kuwa mahakimu wake, sawasawa na yule anayeizungusha insha yake kila mlango akitafuta sifa. Wote wawili wameshughulika na nafsi zao, na lile jambo linaloandikwa limesahauliwa katikati.

Hata hivyo, lipo jambo zito kuliko riya, na Rusumo inalijua kuliko mahali pengi duniani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja lile kwa muda wa mchana mmoja na usiku wake, wakapiga kambi Benaco. Na chini ya daraja, majuma yale, mto ulichukua maiti hadi Ziwa Viktoria. Mauaji ya Watutsi nchini Rwanda mwaka ule yalitanguliwa na maneno. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha kile lilichokiita amri kumi za Wahutu, na mwaka 1993 ikaanza redio ya RTLM, ambayo mtu wa Ngara aliweza kuifuata bila mkalimani, kwa kuwa Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kinyarwanda. Miongoni mwa waanzilishi wa redio ile alikuwapo Ferdinand Nahimana, mwanahistoria, mtu wa chuo kikuu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani yeye pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza, mwanzilishi mwenzake, na Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura, tarehe 3 Desemba 2003. Na ijapokuwa rufani ya mwaka 2007 ilitengua baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, haikuwaachia huru.

Sitaki msomaji apite hapa kwa haraka. Hawa hawakuwa watu waliokosa mazoezi ya lugha. Walijua kuandika na kunena, walikuwa na hadhira kubwa, nayo iliwashangilia. Basi yule anayetuambia kwamba kusomwa na watu wengi kwatosha kumlea mwandishi hana budi aeleze kwa nini kusomwa kule hakukumlea mhariri wa Kangura. Jibu langu ni kwamba alitaka kusomwa na wale aliowaandikia, wala hakutaka kujibiwa na wale aliowaandika. Mtutsi aliweza kulisoma gazeti lile, lakini mwenye gazeti hakumhesabu kuwa msomaji. Hakujiona kuwa anawiwa naye neno lolote, wala hakuona haya mbele yake. Makofi ya hadhira moja humfundisha mtu ufundi wa aina fulani, ufundi wa kupata makofi zaidi, na ufundi huo hauna mpaka wake wenyewe wa kusimama. Kinachoutia mpaka ni mtu wa tatu, yule anayetajwa, akiwa yu hai katika fikira ya mwandishi, akisoma kila mstari.

Ni kwa sababu hii siafikiani na wale wanaodhani kwamba dawa ya lugha mbaya ya vijana ni kuwapa tu mahali pa kuandika, kisha wingi wa wasomaji ufanye kazi yake. Wingi hauna kazi hiyo. Wala siafikiani na wanaotaka daftari lifungwe hata hekima itakapokuja, kwani hekima ya aina hii haiji kwa kungoja. Huja kwa kujibiwa. Plato anamwonyesha Sokrate, katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, akilalamika kwamba andiko likiulizwa swali hurudia lile lile lililokwisha sema. Lalamiko ni la haki, lakini nadhani shabaha yake ni andiko lisilo na mwandishi karibu. Mwanafunzi wa Rusumo yu karibu. Dereva akikasirika, atamkuta barabarani kesho.

Ataniambia mtu: na Aniceti Kitereza je? Hoja hii naiheshimu. Mzee huyu wa Ukerewe, aliyepata elimu yake katika Seminari ya Rubya, ndani ya mkoa huu wa Kagera, alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, akakosa wa kukichapa, miaka ikapita, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla ya kuishika nakala mkononi. Miaka thelathini na mitano bila kuchapishwa, na bado kitabu kile kina subira na usahihi ambao waandishi waliosomwa kila juma hawakuupata. Je, hakuivunja hoja yangu? Naona aliithibitisha kwa njia ya mbali. Kitereza aliandika mila za wazee wake kwa ajili ya wajukuu ambao hawangezikuta, na kwa hiyo alikuwa kati ya mashahidi wawili: waliokufa, ambao hangethubutu kuwasingizia, na wasiozaliwa, ambao hangetaka kuwapotosha. Soma jinsi anavyoeleza uchimbaji wa shamba au adabu ya mgeni mlangoni, utaona kwamba anaogopa kukosolewa na mtu anayeijua kazi ile. Lakini fikira kama ile ni ya mtu mzima aliyelelewa na masomo mengi. Kijana hawezi kuagizwa awe nayo. Inabidi apewe kwanza jirani wa damu na nyama.

Wengine walipewa. Vijana wa shule ya Kiungani, Unguja, walikuwa na gazeti lao la Msimulizi tangu mwaka 1888. Shaaban Robert alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua tangu 1931 hadi 1958, na mimi hushawishika kuamini kwamba insha zake za hadharani zilijifunzia unyoofu humo, mbele ya mtu mmoja aliyemjua mno asiweze kudanganywa. Na Julius Nyerere, mtoto wa mtemi aliyekuwa na wake 22, alipokuwa mwanafunzi Makerere kati ya 1943 na 1945 aliandika insha juu ya hali ya wanawake, ambayo ilichapishwa mwaka 2009 kwa jina la Uhuru wa Wanawake. Wengi katika wanawake aliowaandika hawakujua kusoma. Hapo kanuni yangu inapata mtihani wake mgumu kabisa, kwa kuwa anayetajwa hana njia ya kujibu. Na njia iliyobaki kwa mwandishi wa namna hiyo ni kuandika kama mtu ambaye mama yake atasomewa karatasi ile jioni.

Kwa walimu wa Ngara na Biharamulo nina ombi moja, nalo halihitaji fedha. Chagueni insha moja kila mwezi, isiwe lazima ile iliyo bora, bali ile inayomtaja mtu aliye karibu: dereva, mkimbizi wa zamani, muuza ndizi, ofisa wa forodha, Mnyarwanda wa ng'ambo. Ibandikeni mahali mtu huyo anapopita, na chini yake acheni nusu ya karatasi wazi pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Asiyejua kusoma asomewe na mwandishi mwenyewe. Majibu ya kwanza yatakuwa makali, na mengine yatakuwa ya dhuluma, msiyaondoe. Mwacheni mwanafunzi aiandike upya, na alama za wino mwekundu mzitoe baada ya hapo, si kabla.